Tukifika Dar es Salaam, tutakula wapi?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya sala huko Ijumbi, wilayani Muleba, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni, mahali ambapo vijana wasingetusikia. Mjukuu wake alikuwa amepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, naye ndiye aliyetakiwa kufuatana na mtoto huyo na mama yake. Nauli ilikuwa imepatikana kwa kuuza kahawa. Chumba cha kulala walikuwa wametafutiwa. Lilibaki jambo moja, ambalo kwa maneno yake mwenyewe aliona haya kulisema mbele ya watu. "Sheikh wangu," akaniambia, "tukifika huko tutakula wapi?"

Kwanza nilitabasamu, kisha nikajizuia, kwa sababu nilikumbuka habari ya mtu mwingine wa kijiji kile kile. Miaka michache kabla ya hapo, mtu huyo alimpeleka mkewe kutibiwa mjini. Alikuwa amesikia mengi kuhusu vyakula vya Dar es Salaam: kwamba haijulikani nani kachinja, kwamba mafuta huchanganywa, kwamba maji si salama. Kwa siku tisa hakula kitu isipokuwa mkate na soda. Siku ya kumi, yeye aliyekuwa mwuguzaji akawa mgonjwa. Alidhani kuwa anaichunga dini yake, kumbe alikuwa akiudhulumu mwili ambao Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa una haki juu ya mwenyewe.

Baina ya mtu anayekula chochote atakachokikuta mbele yake na mtu anayejinyima kila kitu kwa hofu, iko njia ya katikati. Makala haya yanakusudia kuionyesha njia hiyo, na kuitembeza familia ya Kiislamu itokayo mbali katika baadhi ya mahali pa kula ambapo wenyeji wa Dar es Salaam wenyewe hupaendea.

Kwetu mgeni haulizi

Mtu wa Kagera hupata taabu mjini kwa sababu ya malezi yake mema. Kwetu mgeni huletewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Baada ya hapo huja ndizi na maharage, au ndizi na samaki wa ziwani, na msimu wa senene ukifika huletewa senene. Mgeni haulizi bei, wala haulizi nani kapika, maana mpishi anamfahamu na ukoo wake anaufahamu. Wazee wetu waliona kuwa mtu anayekula kwa kulipa ni mtu asiye na jamaa.

Hata hivyo nyumba ya chakula si jambo geni kwa Waswahili. Sisi tukisema "hoteli" mara nyingi tunakusudia mahali pa kula hata kama hapana kitanda kimoja. Nalo neno mgahawa limetokana na gahawa, yaani kahawa. Kwa hiyo mtu wa Kagera anapoingia mgahawani anaingia katika nyumba iliyopewa jina la zao la shamba lake, na hana sababu ya kuingia kama mwizi.

Tofauti iliyopo ni moja. Mjini, anayekula hakumwona mchinjaji, hakuyaona maji yalikochotwa, wala hajui sufuria imepikiwa nini jana. Kila tonge ni tonge la kumwamini mtu usiyemjua. Ndiyo maana mimi husema kwamba mahali pa kula hapapimwi kwa vioo vyake wala kwa ukubwa wa bei yake. Hupimwa kwa amana ya mwenye nyumba na macho ya mlaji.

Kijana aliyetumwa mjini

Qur'ani Tukufu ina kisa kinacholingana sana na swali la yule mzee. Katika Sura ya kumi na nane, al-Kahf, aya ya 19, tunasimuliwa vijana walioamka pangoni baada ya usingizi mrefu wakiwa na njaa. Walimtuma mmoja wao mjini akiwa na sarafu ya fedha. Mji wenyewe waliuacha mikononi mwa watu waliowahofu kwa ajili ya imani yao. Pamoja na hofu hiyo hawakusema kwamba wabaki na njaa. Walimpa mjumbe wao maagizo: atazame ni chakula cha nani kilicho safi zaidi, awaletee riziki katika hicho, na atumie upole, asije akawatambulisha kwa mtu yeyote.

Wafasiri wa Qur'ani wamelieleza neno hilo la "kilicho safi zaidi" kwa namna kadhaa. Wako waliosema kuwa ni chakula cha halali katika uchinjaji wake, na wako waliosema kuwa ni chakula kizuri zaidi au chenye wingi zaidi kwa thamani ya fedha. Maana zote hizo zinamfaa msafiri: halali, usafi, na nafuu ya mfuko. Agizo la upole nalo linatufaa, maana wengi wetu tukikumbuka kuuliza tunasahau kuuliza kwa upole. Nami nilimwambia mzee wangu ayabebe maagizo hayo kama alivyobeba barua ya rufaa.

Kabla ya kufika

Kutoka Muleba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, kupitia Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro. Njiani abiria hachagui mahali pa kula; huchaguliwa na dereva, naye hupewa dakika chache tu za kununua, kula na kwenda haja. Katika haraka hiyo ndipo watu hula wasichokijua. Kwa hiyo familia iondoke nyumbani na chakula kisichoharibika upesi: ndizi za kuchoma, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, na maji ya kutosha. Mayai na viazi viliwe siku ile ile ya kwanza.

Mabasi ya mikoani sasa huishia katika kituo cha Magufuli kule Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021 na kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo. Msafiri mwenye uchovu asile kwa pupa pale anaposhukia. Anywe chai, atulie, apeleke mizigo na mgonjwa mahali pa kupumzika, kisha ndipo atafute chakula akiwa na akili yake.

Tuanze na samaki wa Feri

Kwa familia inayosita juu ya nyama, mlango mwepesi kuliko yote ni samaki. Samaki hana suala la nani kachinja, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake. Soko kuu la samaki la jiji liko Feri, pale Kivukoni, karibu na mahali pantoni inapovuka kwenda Kigamboni. Majengo yake ya sasa yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, huishia Kivukoni, nawe ukishuka hapo soko liko umbali wa kutembea kwa miguu.

Alfajiri Feri kuna mnada, na kelele zake zaweza kumtisha mgeni. Mwenye familia aende asubuhi kelele zikishapungua. Atawaona changu, vibua, jodari, ngisi na pweza, ambao mtu aliyezoea sato na sangara hana habari nao. Wapo wakaangaji wenye makarai makubwa ambao hukaanga mbele ya macho yako. Utamchagua samaki wako, utapatana bei kabla hajatiwa katika mafuta, na utamwona akiiva. Hapo maswali matatu ya msafiri yanajibiwa na macho peke yake: ni nini, kimepikwa lini, na kimepikwa na nani.

Neno la tahadhari: tazama mafuta. Mafuta yaliyogeuka meusi na kutoa moshi mkali yamekwishatumika mno. Nenda kwa karai la jirani bila kutukana karai la huyu.

Mama lishe wa Kariakoo

Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na soko lake kuu lililofunguliwa mwaka 1975 lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli. Jengo hilo liliungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati mkubwa. Lakini moyo wa kula Kariakoo hauko katika jengo. Uko katika vichochoro vya mitaa inayolizunguka, kwa akina mama lishe, ambao zamani tulizoea kuwaita mama ntilie, yaani "mama, nitilie" chakula katika sahani.

Watu wengi huwadharau wanawake hawa, na mimi nataka kuwatetea. Mwaka 1983, ilipotungwa sheria ya nguvu kazi, wafanyabiashara wadogo wa mijini walihesabiwa kama watu wasio na kazi, wakakamatwa na wengine kurudishwa vijijini. Mama ntilie walikuwa miongoni mwa waliosumbuliwa, ilhali ndio waliokuwa wakiwalisha wajenzi wa mji, makuli wa bandarini na makarani waliosubiri mshahara. Wamelea watoto na kuwasomesha kwa faida ya sahani moja moja. Pato lao ni pato la mikono yao, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hapana chakula alichokula mtu kilicho bora kuliko kile alichokichuma kwa kazi ya mkono wake.

Kwa mama lishe utapata wali na maharage, ugali na dagaa, ndizi na nyama, mchicha, na samaki wa kukaanga. Mtu wa Muleba asishangae akikuta dagaa wa Ziwa Victoria wamemtangulia mjini. Uchague vipi? Tazama mambo manne. Kwanza, maji ya kunawa yawe yanatiririka, yasiwe ya beseni moja kwa watu wote. Pili, sufuria ziwe na vifuniko, na chakula kiwe kinafuka moshi. Tatu, tazama sahani zinaoshewa wapi na zinakaushwa vipi. Nne, tazama wanaokula. Ukiona wenye maduka ya jirani wanarudi hapo kila siku, hao ndio mashahidi wako, kwa sababu mwenyeji hadanganywi mara mbili.

Nenda mapema, kati ya saa sita na saa saba mchana, chakula kikiwa kimeiva muda huo. Uliza bei kabla ya kuketi. Na ukiwa na mgonjwa au mtoto, mwambie mama lishe asitie pilipili. Mara nyingi atakupa mchuzi wa pembeni kwa moyo mkunjufu.

Kisutu na jirani zake

Kutoka Muhimbili, iliyoko Upanga, si mbali kufika Kisutu, penye kituo cha mwendokasi chenye jina hilo. Katika mitaa ya sehemu hiyo ndipo sahani ya Dar es Salaam inaposimulia historia ya Bahari ya Hindi. Biriani na sambusa ni majina yenye asili ya Uajemi yaliyopitia mikononi mwa Wahindi na Waarabu, chapati imetoka Bara Hindi, na vyote leo ni vya Mswahili kiasi kwamba mtoto wa Ijumbi huvidai siku ya Idi.

Asubuhi au alasiri, wenyeji wa katikati ya mji wana mahali pao pa chai, nyumba ndogo ijulikanayo kwa jina la K.T. Shop, yenye sifa ya chai ya maziwa, sambusa, kababu na chatini. Watu wa dini na rangi mbalimbali huketi hapo bega kwa bega, mwenye suti na mwenye kanzu, kila mmoja na kikombe chake.

Jioni ni zamu ya kuku wa kuchoma. Kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya iko Mamboz, ambayo huweka meza na viti kandokando ya barabara jua likishatua. Hapo huchomwa kuku wa viungo vya Kihindi, na familia nzima, pamoja na bibi na mtoto mchanga, huketi bila kuona haya. Nyumba nyingine, ya Khan, ilipata umaarufu kwa jina la "kuku kwenye boneti". Mchana palikuwa gereji ya magari, usiku makaa yakawashwa, na wateja wakala kuku wao juu ya maboneti ya magari yao. Humo mna funzo kwa wale wanaodhani kuwa chakula kizuri hakipatikani isipokuwa penye mazulia.

Katika Mtaa wa Kisutu, wenye mahekalu ya Wahindu, kumekuwa na migahawa isiyopika nyama kabisa. Baadhi ya Waislamu huikwepa kwa sababu ya dini ya wenyewe. Ndugu yangu, sharti la kuchinja kisharia linahusu nyama. Dengu, mboga, wali na chapati ni halali asili yake, nazo hazigeuki haramu kwa kuwa mpishi si Muislamu, maadamu chombo na chakula ni safi. Mgonjwa aliyekatazwa nyama atapata hapo shibe nyepesi.

Na siku ambayo mtoto amechoshwa na harufu ya dawa, mpelekeni ufukweni Coco Beach, Oysterbay, alasiri. Hapo huuzwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, chakula cha bei ndogo chenye sifa mji mzima. Mtoto wa ziwa ataonja maji ya bahari na kushangaa kwamba yana chumvi. Mtakula na kutazama uumbaji wa Mola. Rudini kabla ya magharibi, kwa sababu fukwe za mji usiku zina mambo yake.

Maneno ambayo mgeni hayajui

Ziko hatari ambazo sina budi kuzitaja waziwazi. Mjini nyama ya nguruwe haiitwi kwa jina lake. Huitwa kitimoto. Mgeni anaweza kulisoma neno hilo kwenye kibao akadhani ni aina ya mishkaki. Ukiliona au ukilisikia, elewa kwamba jiko hilo, kisu hicho na mafuta hayo si yako. Vilevile sehemu nyingi zenye sifa ya nyama choma ni baa. Nyama yenyewe yaweza kuwa imechinjwa sawasawa, lakini imepokewa katika Hadithi makatazo ya kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Kumketisha mtoto wako kati ya chupa ili ale nyama nzuri ni kumfundisha kwamba nyama ni bora kuliko makatazo.

Jina la Kiarabu juu ya mlango nalo si hoja. Hakuna sharti la kusoma Qur'ani ndipo mtu aandike "Makka" kwenye kibao chake. Wala picha ya Al-Kaaba ukutani haijui kilichomo jikoni. BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968, hutoa vyeti vya halali, na mwenye nacho hukifurahia kukionyesha. Kwa wengi wasio nacho, hasa wadogo, litabaki swali lako na jibu la mwenye nyumba.

Kuuliza bila kuumiza

Hapa ndipo ulipo uzito wa makala haya. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba watu walimwendea Mtume (S.A.W.) wakasema kuwa huletewa nyama na watu wapya katika Uislamu, wala hawajui kama jina la Mwenyezi Mungu limetajwa juu yake au la. Mtume aliwaelekeza walitaje wao jina la Mwenyezi Mungu, kisha wale. Hadithi hiyo iko katika Bukhari. Wanavyuoni wamefahamu kutokana nayo kwamba Muislamu hawajibiki kumpeleleza Muislamu mwenzake hadi kwenye kisu. Asili ni kumdhania wema. Nyama ya ng'ombe iuzwayo mjini kwa kiasi kikubwa hutoka katika machinjio kama ya Vingunguti, ambako kwa desturi ya nchi yetu wachinjaji ni Waislamu. Mwenye utata zaidi ni kuku, maana huyu huchinjwa popote na yeyote. Kwa hiyo swali lielekee kwa kuku, liulizwe mara moja, na kwa sauti ya chini: "Samahani ndugu yangu, kuku wenu huchinjwa na nani?" Ukijibiwa jibu la kuridhisha, piga Bismillahi. Ukitia shaka, agiza maharage au samaki. Ndiyo maana ya kuyaacha yenye shaka ili kuisalimisha dini na heshima.

Kwa nini nasisitiza sauti ya chini? Kwa sababu sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunajua swali hili likiulizwa kwa ukali linazaa nini. Msafiri anayetoka Muleba kwenda Mwanza kwa njia ya Geita hupita Buseresere. Mahali hapo, Februari 2013, mgogoro wa nani mwenye haki ya kuchinja uligeuka kuwa ghasia, na mchungaji mmoja wa Kikristo aliuawa. Mtu aliuawa, na chanzo chake ni nyama. Hakuna aya wala Hadithi inayomruhusu Muislamu kuilinda sahani yake kwa kumwaga damu ya jirani yake, na ambaye atasema hivyo ameisoma dini kwa jicho moja. Sisi tumeamrishwa kuchagua chakula chetu, hatukuamrishwa kumdhalilisha anayekula kingine.

Basi mfundishe mwanao maneno ya kukataa. "Ahsante mama, leo nitakula samaki" linatosha. Hakuna haja ya kutema mate, kusukuma sahani, wala kumhubiria mpishi aliyesimama kwenye moto tangu alfajiri.

Usafi ni sehemu ya amana

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi, na chakula cha mitaani kikapigwa marufuku katika sehemu kadhaa. Tusiisahau habari hiyo. Kula chakula kikiwa cha moto. Epuka matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi. Nunua embe au chungwa zima, lioshe, limenye mwenyewe. Juisi yenye barafu usiyoijua ilikoganda iache. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Nawa kabla na baada ya kula, kama tulivyofundishwa tangu chuoni.

Adabu nazo msiziache nyumbani. Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto katika malezi ya Mtume (S.A.W.), mkono wake ulikuwa ukizunguka katika sahani. Mtume hakumfokea. Alimfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mtoto anayeyafanya hayo katikati ya Kariakoo ni hotuba inayotembea. Agizeni kidogo kwanza, mkiongeza baadaye, kwa kuwa israfu ni haramu hata kwa aliyelipa. Chukueni chombo chenye kifuniko cha kubebea masalio, maana tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini. Na mkienda mwezi wa Ramadhani, jueni kwamba baadhi ya nyumba hizi hufunga mchana, na jioni mitaa hujaa futari.

Ikiwa kukaa kutakuwa kwa wiki nyingi na fedha zinapungua, tafuteni jiko la mkaa mpike wenyewe. Mabibo liko soko la ndizi ambalo watu wamelipa jina la Mahakama ya Ndizi. Mtu wa Ijumbi akifika katika mahakama hiyo atakuwa shahidi na hakimu kwa pamoja.

Simu ya mzee

Wiki mbili baada ya safari, mzee wangu alinipigia simu. Alisema mtoto anaendelea na matibabu. Kisha, bila mimi kumuuliza, akanieleza habari za chakula. Siku ya kwanza walikula samaki. Siku ya pili alimwendea mama lishe mmoja, akamsalimia kwa heshima, akamuuliza kwa sauti ya chini habari za kuku wake. Yule mama hakukasirika. Alimjibu, kisha naye akamuuliza ametoka wapi na amefuata nini. Aliposikia habari ya mtoto alipakua sahani tatu, akapokea fedha za sahani mbili. "Mtoto mgonjwa halipi kwangu," akamwambia.

"Sheikh," mzee akasema, "nilidhani huku hakuna kahawa ya mgeni. Kumbe ipo, ila lazima mgeni aanze kusalimu."

Sina la kuongeza juu ya maneno yake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye mtoto huyo na wagonjwa wetu wote, awabariki wanaotulisha kwa amana, aturuzuku chakula cha halali kilicho safi, na atupe upole tunapokitafuta. Amin.